Uzi: Kisanduku cheupe nyuma ya nembo, chanzo chake na namna ya kukiondoa kabla kazi haijafika mtamboni

Mleta mada, Tabora Mjini

Habari za kazi, wakuu. Uzi huu nauandika kwa ajili ya wenzangu tunaoandaa lebo, vyeti, kalenda na vipeperushi katika steshenari na studio ndogo za Tabora na Kigoma. Kuna kasoro moja inayoendelea kuharibu kazi ambazo kwa mengine yote ni nzuri: nembo ya mteja kukaa juu ya rangi ikiwa imebeba kisanduku cheupe. Lebo ya asali imepangwa vizuri, rangi ya dhahabu imekolea, maandishi yanasomeka, halafu kwenye kona umebandikwa mstatili mweupe wenye nembo ya kikundi cha wafugaji nyuki katikati yake. Mnunuzi hajui chanzo cha kasoro hiyo, lakini macho yake yanaiona, na asali iliyorinwa kwa uangalifu huko Sikonge inaonekana kama bidhaa ya kubahatisha.

Msimamo wangu ni kwamba weupe ule umo ndani ya faili la picha, haumo kwenye ukurasa. Kwa hiyo mahali pa kuuondoa ni kwenye faili la nembo, na kazi hiyo hufanywa mara moja tu, kisha faili safi likahifadhiwe na kutumika katika kila kazi ya mteja huyo. Programu za kupanga kurasa, yaani InDesign, QuarkXPress, Scribus, Publisher na nyinginezo, zina njia zake za kuficha weupe, na baadhi ya njia hizo zinafaa kabisa mahali pake. Tatizo ni kwamba tumezoea kuzitumia kama dawa ya kila kitu, na ndiyo maana nembo ileile husafishwa upya kila mwaka, na kila mara ikatoka na kasoro tofauti.

Tuanze na aina ya faili. JPEG haina kabisa nafasi ya kuhifadhi uwazi, yaani sehemu isiyo na rangi inayoacha kilicho chini yake kionekane: kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, lazima iwe na rangi yake kamili, hivyo hata ukifuta mandharinyuma kwa uangalifu kisha ukahifadhi tena kama JPEG, programu italijaza eneo ulilofuta kwa rangi, mara nyingi nyeupe. Jambo la pili ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba JPEG hubana picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa sehemu ya taarifa, na panapokutana rangi kali na weupe, kama ilivyo kwenye ukingo wa herufi za nembo, hubaki vumbi la pikseli ambazo si nyeupe kamili. Weupe kamili una thamani ya 255 katika rangi zote tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu. Pikseli zile za vumbi zinaweza kuwa na 250 au 246. Jicho halizitofautishi, lakini programu inazitofautisha, na hicho ndicho chanzo cha madoadoa yanayobaki kuizunguka nembo baada ya kuamuru rangi nyeupe iondoke.

PNG, iliyoanza kutumika mwaka 1996, inabeba chaneli ya alfa, ambayo kwa kawaida ina ngazi 256 za uwazi kwa kila pikseli, kuanzia wazi kabisa hadi isiyopitisha kitu. Ngazi hizo za katikati ndizo zinazofanya ukingo wa duara au wa herufi uonekane laini juu ya rangi yoyote. GIF nayo inaruhusu uwazi, lakini pikseli ama iko wazi ama haiko, hakuna katikati, na rangi zote hazizidi 256, hivyo ukingo wake hutoka na meno. TIFF na PSD hubeba uwazi na pia zinaweza kuwa katika rangi nne za uchapaji, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, jambo ambalo PNG haliwezi. Juu ya zote hizo ziko nembo za vekta, yaani SVG, AI, EPS na PDF, ambazo hazina pikseli wala mandharinyuma, bali maumbo tu. Mahali pasipochorwa kitu hapana kitu.

Kwa sababu hiyo, kabla hujagusa panya, muulize mteja kama anayo nembo ya vekta. Vyama vingi vya ushirika, shule na taasisi za dini wanayo bila kujua, kwenye barua pepe ya mtu aliyewachorea. Vilevile chunguza PDF yoyote ya zamani ya mteja, kama vile kichwa cha barua au ripoti, kwa kuikuza hadi asilimia 800 au zaidi: ukingo wa nembo ukibaki laini, hiyo ni vekta, na unaweza kuifungua ndani ya Inkscape, ambayo ni programu ya bure, ukaichomoa ikiwa nzima.

Pasipopatikana vekta, ndipo tunasafisha picha. Katika GIMP, ambayo nayo ni ya bure, hatua ya kwanza ni kuiongezea leya, yaani tabaka la picha, chaneli ya alfa, kwa sababu bila hiyo ukifuta, eneo lililofutwa hujazwa rangi ya nyuma badala ya kuwa wazi. Kisha tumia kifaa cha kuteua eneo lililoungana lenye rangi inayofanana, bonyeza weupe wa nje, panua uteuzi kwa pikseli moja ili uingie kwenye lile vumbi la ukingoni, kisha futa. Weupe uliofungiwa ndani ya herufi kama O, A, B na D hautaguswa kwa sababu haukuungana na wa nje. Huo unaubonyeza mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo panapohitaji akili zaidi ya mkono, kwa maana si kila weupe ni mandharinyuma. Chukueni Nembo ya Taifa, ambayo huwekwa kwenye vyeti na barua za halmashauri: ndani ya ngao kuna mawimbi ya bluu na meupe, na weupe huo ni rangi ya nembo yenyewe. Anayeamuru rangi nyeupe yote iondoke hupata mawimbi ya bluu na manjano akiiweka nembo hiyo juu ya rangi ya manjano, na hiyo si Nembo ya Taifa tena. Nembo za shule zenye kitabu kilichofunguliwa, na za hospitali zenye msalaba mweupe, zina hatari ileile. Kanuni ninayoifuata ni kumuuliza mwenye nembo, au kutazama nembo hiyo ilivyochapwa zamani juu ya rangi, kabla ya kuamua weupe upi ubaki.

Mkimaliza kusafisha, msiihukumu kazi juu ya ukurasa mweupe. Wekeni leya ya kijani kilichokolea au nyeusi chini ya nembo, na kila mabaki ya ukingo mweupe yatajitokeza papo hapo. Hifadhini nakala moja yenye leya zote, na nyingine ya PNG au TIFF ya kutumia. Kuhusu ukubwa, kwa uchapaji wa kawaida tunahitaji pikseli 300 kwa kila inchi katika ukubwa halisi utakaochapwa, kwa hiyo nembo ya upana wa sentimita 5 inataka pikseli zipatazo 590 kwa upana. Nembo ya pikseli 150 iliyotolewa kwenye tovuti haifai hata ikisafishwa namna gani.

Onyo kuhusu picha za mtandaoni: zipo zinazoonyesha miraba midogo ya kijivu na nyeupe, ile ambayo programu za picha hutumia kuonyesha uwazi, kumbe miraba hiyo ni sehemu ya picha. Ukiiweka kwenye ukurasa, nayo inachapwa.

Mchangiaji, Kigoma Mjini

Shukrani sana kaka kwa maelezo haya. Mimi natumia Publisher kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye kompyuta za ofisi nilipoanza kazi. Ndani yake, kwenye menyu ya picha palipo na amri za kubadili rangi, ipo amri ya kuteua rangi moja iwe wazi: unabonyeza weupe, na weupe unaondoka. Kwa nembo nyingi imenitosha. Je, kuna haja ya kuhangaika na programu nyingine?

Mleta mada

Dada yangu, amri hiyo inafaa pale ambapo nembo ina rangi chache zilizo bapa na imehifadhiwa kama PNG au GIF, kwa sababu weupe wake wote una thamani moja. Amri hiyo huondoa thamani moja tu ya rangi, hivyo ukiitumia kwa JPEG utaona vumbi nililolieleza likibaki kuzunguka herufi, na weupe wa ndani ya nembo utaondoka pamoja na wa nje, kwa kuwa amri haijui tofauti ya mahali. Kuna jambo jingine la kuzingatia: Microsoft wametangaza kwamba Publisher itafikia mwisho wake Oktoba 2026. Marekebisho uliyoyafanya ndani ya faili la Publisher hayatakufuata kwa urahisi kwenda programu nyingine, ilhali nembo iliyosafishwa na kuhifadhiwa kama PNG itafanya kazi popote utakapohamia.

Mchangiaji, mpanga kurasa, Tabora

Naomba niongezee upande wa InDesign, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia kupangia majarida na vitabu vya sala.

Njia inayopendwa ni kuiwekea picha hali ya kuchanganya rangi iitwayo Multiply. Hali hiyo huzidisha thamani za rangi ya juu kwa zile za chini, na kwa kuwa weupe huhesabiwa kama moja, chochote kikizidishwa kwa moja hubaki kilivyo, kwa hiyo weupe unatoweka. Nembo nyeusi juu ya rangi hafifu hutoka safi kabisa. Lakini hesabu hiyohiyo inagusa pia rangi za nembo: bluu ikizidishwa na manjano ya lebo huzama na kuelekea kijani, na nembo yoyote ikiwekwa juu ya rangi nzito, kama kahawia au bluu ya usiku, humezwa. Ninaitumia kwa saini zilizoskaniwa na mihuri; kwa nembo za rangi nyingi siitumii kamwe.

Njia ya pili ni mstari wa kukatia, ambapo InDesign yenyewe hutafuta ukingo wa picha na kuficha kilicho nje. Inayo vipimo viwili, kimoja cha kuamua weupe uanzie wapi na kingine cha kuamua mstari ufuate ukingo kwa ukaribu gani, pamoja na kisanduku cha kuruhusu matundu ya ndani nayo yafunguke. Kwa umbo rahisi kama ngao au duara, njia hii ni ya haraka na haibadilishi rangi. Kwa herufi nyembamba au mchoro wa nyuki mwenye miguu na vipapasio, mkato wake ni mkavu kama wa mkasi, na sehemu nyembamba hupotea.

Njia ya tatu wengi wameisahau, nayo naipenda kuliko zote kwa nembo za rangi moja. Ukiigeuza nembo kuwa TIFF ya biti moja, yaani nyeusi na nyeupe pasipo kijivu chochote, InDesign huichukulia sehemu nyeupe kuwa wazi, na sehemu nyeusi unaweza kuipa rangi yoyote ya ukurasa. Sharti lake ni pikseli nyingi, kama 1200 kwa inchi, kwa sababu ukingo hauna kijivu cha kuulainisha. Nembo ya sentimita 5 itahitaji pikseli zipatazo 2,360. Faili hata hivyo huwa dogo, na mistari hutoka mikali kuliko ya picha ya kawaida.

Mleta mada

Nakubaliana nawe juu ya biti moja, na nimefurahi umeitaja. Nembo ya namna hiyo ndiyo pia inayogeuzwa kuwa vekta kwa wepesi zaidi: amri ya Inkscape iitwayo Trace Bitmap hufuata mpaka wa weusi na weupe na kuutengenezea umbo. Ukishapata umbo hilo, ondoa nukta za ziada, sahihisha pembe zilizoviringika, na linganisha herufi na zile za asili moja baada ya nyingine. Ikiwa jina la chama limeandikwa kwa fonti unayoitambua, ni heri uliandike upya kuliko kuacha herufi zilizofuatishwa, ambazo huwa na mawimbi madogo yanayoonekana zikikuzwa kwenye bango.

Mchangiaji, fundi wa mtambo wa uchapaji

Wakuu, mnazungumzia kompyuta. Mimi niseme yanayotokea mtamboni.

Kwanza, weupe katika uchapaji wa kawaida si wino. Ni mahali ambapo wino haukuwekwa na karatasi imebaki wazi. Kwa hiyo kazi ikichapwa kwa rangi moja juu ya manila ya manjano au ya waridi, kama majalada ya mitihani na vitabu vya risiti yanayopigwa kwa riso, yaani mashine ya kudurufu, kisanduku cheupe hakitaonekana kabisa, kwa kuwa chini yake hakuna wino wowote wa kukatizwa. Nimewaona watu wakihangaika nusu siku kusafisha nembo kwa kazi ya aina hiyo bila sababu. Kisanduku huonekana pale tu ambapo kompyuta imeweka rangi chini ya nembo.

Pili, PNG iko katika rangi za skrini, na weusi wake ukibadilishwa kwenda rangi nne hugawanyika. Kwa mpangilio mmojawapo uliozoeleka, weusi kamili wa skrini hutoka kama samawati 75, majenta 68, manjano 67 na nyeusi 90, jumla asilimia 300 za wino. Kwa herufi ndogo za jina la chama, sahani za mtambo, ambazo kila moja hubeba wino wake, zikipishana hata kidogo utaona vivuli vya rangi pembeni mwa kila herufi. Nembo yenye maandishi meusi iletwe kama vekta, au kama TIFF ya rangi nne ambayo weusi wake uko kwenye sahani nyeusi peke yake.

Tatu, chunguzeni nembo za vekta zenye sehemu nyeupe. Sehemu nyeupe ikiwa imewekewa amri ya kuchapwa juu ya wino mwingine badala ya kuukata, itatoweka mtamboni ingawa inaonekana vizuri kwenye skrini. Kabla ya kuleta kazi, fungueni PDF katika hali inayoonyesha inki zinavyokaa juu ya nyingine.

Mchangiaji, Kasulu

Habari wakuu. Mimi ni mtumiaji wa Scribus. Nembo yangu ya PNG ni safi na kwenye ukurasa inaonekana vizuri, lakini nikitoa PDF kisanduku kinarudi. Kosa liko wapi?

Mleta mada

Ndugu yangu wa Kasulu, tazama toleo la PDF unalolichagua wakati wa kutoa kazi. Uwazi wa kweli uliingia kwenye PDF kuanzia toleo la 1.4 la mwaka 2001. Toleo la 1.3 halina uwazi huo. Chagua 1.4 au la juu zaidi. Kama mchapaji wako amekuagiza PDF/X-1a, ambacho ni kiwango kimojawapo cha PDF za uchapaji, fahamu kwamba kiwango hicho hakiruhusu uwazi, na nembo italazimika kuunganishwa na rangi iliyo chini yake kabla ya kutolewa. Mwulize kama mitambo yake inapokea PDF/X-4, ambayo inaruhusu uwazi kubaki kama ulivyo. Na kama unayo nembo hiyo kwa SVG, iingize kwenye Scribus kama faili la vekta. Itakuwa maumbo ya kawaida ya ukurasa, na suala la uwazi halitakuwepo kabisa, ili mradi haina vivuli wala rangi zinazofifia taratibu ambazo Scribus haizisomi.

Jambo jingine linalorudisha kisanduku ni WhatsApp. Mteja akituma PNG kwa njia ya picha, hubanwa na uwazi hupotea njiani. Mwombeni aitume kama hati, na ninyi mkimrudishia nembo iliyosafishwa fanyeni vivyo hivyo.

Mchangiaji, Kigoma Mjini

Kaka, swali langu la mwisho. Ninaandaa lebo ya sabuni ya mawese yenye rangi ya chungwa, na mteja anataka mistari ya msimbopau nayo iwe bila kisanduku cheupe ili ifanane na nembo. Nimwondolee?

Mleta mada

Dada, hapo usimwondolee. Kisanduku cha msimbopau kina kazi. Msimbo wa tarakimu 13, ambao kwa namba zinazotolewa na GS1 Tanzania, shirika linalosimamia namba za misimbopau, huanza na 620, unahitaji nafasi tupu ya upana wa moduli 11 (moduli ni upana wa mstari mwembamba kuliko yote) upande wa kushoto na 7 upande wa kulia, na kwa ukubwa wa kawaida ambapo moduli moja ni milimita 0.33, hizo ni takribani milimita 3.6 na 2.3. Kisomeo cha dukani kinatafuta mahali tupu hapo ili kijue mistari inaanzia wapi, na michoro ya lebo ikiingia humo bidhaa inakataa kusomeka kwenye kaunta.

Kwa upande wa rangi, visomeo vingi hutumia mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo chungwa huonekana karibu kama nyeupe, hivyo mistari myeusi juu ya chungwa iliyo bapa inaweza kusomeka. Kinachoshindikana ni kuichapa mistari yenyewe kwa chungwa, nyekundu au kahawia nyekundu ili ilingane na lebo. Hata hivyo kwa lebo hiyo ningebaki na nyeusi juu ya nyeupe, kwa sababu wino wa chungwa hutofautiana kati ya toleo moja la uchapaji na jingine, na rangi ya sabuni au mafuta yaliyopenya kwenye karatasi huongeza giza. Ukitaka kisanduku kisikere macho, kipe pembe zilizoviringika nje ya ile nafasi tupu, kipange kwenye mstari mmoja na maelezo ya uzito na viungo, na nembo uiache juu peke yake. Ikiwa lebo ina msimbo wa QR pia, nao uuachie moduli 4 tupu, yaani upana wa miraba yake midogo minne, kila upande.